Waliopanda Mwisho

Thamesmead, London
Jumatatu

Kaka yangu Hafidh,

Assalaam alaykum. Nakuulizia afya yako, ya wifi yangu na watoto, na goti lako lile linalokusumbua kila mvua zikikaribia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi inatutesa na zamu za kutunza wazee zimenichosha. Mwanangu Mahir anakusalimu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake mvivu. Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kusema unaniambia mtandao mbovu, na mtandao wenyewe mzima.

Nakuomba uisome barua hii yote kabla hujaenda kwenye kikao cha Ijumaa. Ukiikunja katikati utajuta.

Ulinitaka nimrekodi shangazi Ghalia aseme kwamba uwanda wa kijijini kwetu Kidunguni ni mali ya babu, ili sheha na wazee wamtoe yule mgeni Titus na mkewe Beatha pale wanapolima, nawe umpe yule mwekezaji wako. Ukasema neno la shangazi halina wa kulipinga, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki wa rika lake. Hapo ulisema kweli. Ombi lako nililibeba wiki nzima, nikapanda nalo basi kwenda kazini na nikarudi nalo nyumbani, nisiweze kulitoa mdomoni. Shangazi anaishi kwangu na nampikia uji kila siku, lakini namwogopa tangu utotoni, nawe unajua.

Ulipoona nachelewa ukamtuma Msabaha. Binamu yetu alikuja Jumamosi kutoka Peckham na mfuko wa mihogo na ndizi mbichi, akaiweka simu mezani kabla hata hajavua koti. Akamwambia shangazi kwamba yanatakiwa maneno machache tu: kwamba uwanda ni wetu, na dalili yake ni kuwa nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ikifunga upanzi.

Unakumbuka, kaka. Mvua za mwanzo zikinyesha kijiji kizima kilishuka uwandani na vijembe, watu wakafukia mtama kwenye vishimo baina ya mawe, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ukuta wa mawe wa kuzuia nguruwe waliujenga pamoja, na mtama ukichanua watoto tulipanda juu ya dungu la miti kwa zamu kuamia ndege wasiule. Lakini mbegu zetu sisi zilikuwa za mwisho kuingia ardhini, kila mwaka. Baba alitwambia hiyo ni heshima ya wenye uwanda, wengine wafungue na sisi tufunge. Ukawatambia watoto wa jirani kwa hilo mpaka mkapigana, na mimi nikakushikia kanzu.

Shangazi aliposikia habari ya kufunga upanzi aliweka kikombe chini. Msabaha akabaki na kidole juu ya simu, hajui abonyeze au asibonyeze. Nikasimama nijifanye nakwenda jikoni. Shangazi akaniamuru nikae.

Kisha akauliza Titus alipofika Kidunguni alipitishiwa kikapu na nani. Msabaha akauliza kikapu gani. Ndipo akatueleza, pole pole, kama anayemlisha mtoto. Zamani mgeni aliyetaka kukaa Kidunguni hakuuziwa ardhi wala hakukodishwa. Kila nyumba ikishamaliza kupanda, kikapu kilipitishwa mlango kwa mlango, na kila mwenye nyumba akatia konzi moja ya mbegu zilizombakia. Mgeni alipanda mwisho kwa sababu alikuwa akingoja mbegu za watu. Akishazipanda ni mtu wa pale, hakuna wa kumtoa.

Hapo nilikwishaona anakoelekea. Shangazi aliingia Kidunguni mtoto mdogo, kutoka bara, akitembea nyuma ya babu na miguu imemvimba. Baba yetu alikuwa hajazaliwa. Anakikumbuka kile kikapu kilivyowekwa mlangoni na bibi akakaa chini akalia. Babu aliendelea kupanda mwisho mpaka alipokufa, kila mwaka, kwa shukrani, asisahau. Baba yetu ndiye aliyeigeuza shukrani ile kuwa cheo, na sisi tukakua nacho.

Niliona aibu, kaka. Msabaha aliichukua simu akaitia mfukoni. Shangazi akatutazama wote wawili akasema: “Haya niambieni, wanangu, huyo Titus mnamtoa kwa haki ipi? Kwa konzi za watu?”

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu mwanzo. Hakuna sauti iliyorekodiwa, wala usiisubiri. Shangazi anasema neno kama hili husemwa mbele ya watu, uso kwa uso. Aliyekukabidhi barua hii ni Msabaha, na hakusafiri peke yake. Shangazi yumo kwenye gari, nje ya nyumba yako, sasa hivi unaposoma. Mimi ndiye niliyemfungia mizigo.

Hakuja kukuumbua. Amesema atakaa garini mpaka umalize kusoma. Ukienda kikaoni ukasema kwa mdomo wako kwamba Titus na Beatha wabaki, yeye atakaa pembeni na hatotia neno. Ukinyamaza, atasimama aseme, na watu wote watajua sisi ni nani. Nilimsihi akupigie simu kwanza. Akasema wewe ni mtoto wa ndugu yake, unastahili kuambiwa kabla ya wengine, lakini si kwa simu.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na goti ulikande kwa mafuta ya moto. Usinikasirikie sana, na ukikasirika, kasirika kwangu mimi, si kwa bibi kizee wa watu. Toka umfungulie mlango wa gari. Magotini mwake amepakata kikapu kitupu cha kumpitishia Titus, na anataka konzi ya kwanza ya mbegu utie wewe.

Ndugu yako akupendaye,
Zahra