Neno Linalokaa Nyuma ya Mtu

Koboko, 3 Februari 2024

Dada Zulaika,

Asalamu alaikum. Sisi huku tupo, ila kikohozi cha mama kimerudi tangu ghala la petroli liungue pale sokoni. Shemeji hajambo? Watoto wameanza shule?

Watu wanne walikufa kwenye moto ule. Mmoja ni Jamilah, mke wa Latifu, aliyekuwa anakaanga chapati pale mlangoni. Adriko, mtunza ghala, aliingia ndani akawavuta wawili nje, nyusi zake zote zikaungua. Hakuna anayejua moto ulianzia wapi. Latifu halali wala hali, anazunguka soko akiuliza kila mtu, "Nani alichoma bibi yangu?"

Wiki ijayo anakuja mkaguzi kutoka Kampala, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Wamenichagua mimi nitafsiri. Dada, naogopa. Kiingereza nakisikia, lakini kuna maneno yao ya sifa ambayo badala ya kukaa mbele ya jina yanahamia nyuma, halafu yanageuka. Kwenye mkutano wa maji yule bwana alisema "the people present", mimi nikatangaza kwamba kuna watu wa zawadi. Kina mama walikaa mpaka jioni wakingoja zawadi.

Niandikie kwenye karatasi, kwa simu siwezi kuyashika. Madina anarudi Arua kesho kuchukua vitenge, ndiye anayekuletea hii.

Mdogo wako,
Siraji

Arua Hill, 6 Februari 2024

Siraji mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Tumecheka hapa hadi shemeji yako akamwaga chai. Mchemshie mama tangawizi, na umwambie asikae nje jioni. Watoto wazima, wanakula kama jeshi.

Sikiliza. Neno la sifa la Kiingereza likiwa peke yake hukaa mbele: "a full tank". Likibeba mzigo wake, yaani likifuatwa na "of" au "for" au "with", linakuwa refu na kuhamia nyuma: "a tank full of petrol", "a woman afraid of fire". Hayo hayana shida, maana yake ni ile ile.

Shida ni yale yanayogeuka. "The people present" ni watu waliopo. "A concerned woman" ni mama mwenye wasiwasi, lakini "the woman concerned" ni mama anayehusika na jambo lenyewe. Na hili utalisikia sana kwa wakaguzi: "a responsible man" ni mtu wa kutegemewa, lakini "the man responsible" ni yule aliyelitenda kosa. Likiwa mbele anasifiwa, likiwa nyuma ni mkosaji. Shika hivyo.

Nina daftari za wanafunzi wangu za kusahihisha, naishia hapa. Simama wima, usinong'one.

Dada yako,
Zulaika

Koboko, 14 Februari 2024

Dada,

Salamu zako zilifika. Mama mzima. Mimi si mzima.

Adriko amekufa. Wamemuua mbele yangu.

Soko lilijaa siku ile. Mkaguzi alisimama juu ya meza, mimi kando yake, Adriko amekaa benchi ya mbele na mkewe Candiru. Mkaguzi akaeleza habari za nyaya na madumu, nikatafsiri vizuri, watu wametulia. Ndipo akasema, "The man responsible for the store is Mr. Adriko," akamwonyesha kwa mkono. Nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba likiwa nyuma ni mkosaji. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mtu aliyefanya jambo hili kwenye ghala ni Adriko."

Kisha Latifu akaokota tofali, akampiga nalo Adriko usoni kabla hajainuka. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wakamwangukia wote, kwa miti, kwa mawe, kwa miguu. Alikuwa anapiga kelele, "Mimi iko na funguo tu! Funguo tu!" Aliishika ile pete ya funguo juu wazione, mtu akamkata ule mkono kwa panga. Candiru alimlalia mumewe, wakamburuta kwa nywele wakamtupa kando. Mkaguzi ananivuta shati, "What did you tell them? What did you tell them?" Nikapiga kelele waache. Hakuna aliyegeuka. Walipomaliza, walikwenda kuchoma nyumba yake.

Mkaguzi aliniambia kabla hajaondoka: alikuwa anasema Adriko ndiye mwenye kazi ya kutunza ghala. Basi. Moto ulitokana na waya.

Candiru amekimbilia kwao Ajia. Sasa wanamtafuta Santo, aliyekuwa anamsaidia Adriko kupakua madumu. Wanasema yeye na Adriko ndio waliochoma ghala.

Siraji

Arua Hill, 16 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salaam. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni na sikuweza kuingia ndani.

Kosa si lako peke yako. Kanuni niliyokupa ilikuwa nusu. Likifuatwa na "for", neno hilo linategemea kinachokuja baada yake: "for the fire", huyo ndiye aliyechoma; "for the store", huyo ndiye mwenye kazi ya ghala. Nalijua, nalifundisha kila mwaka. Nilikuwa na haraka nikaliacha.

Panda gari uje Arua leo, na mama. Usiseme neno kwa mtu yeyote huko. Wakijua kwamba walimuua bure, watakutafuta wewe. Nakuomba, Siraji.

Dada yako,
Zulaika

Koboko, 18 Februari 2024

Dada,

Mama anakuja na Madina, mpokee. Ana nguo chache na dawa zake.

Mimi nabaki. Santo amejificha msikitini na vijana wanazunguka ukuta na madumu ya petroli. Nikija Arua wewe utakuwa na ndugu, na Santo atakuwa majivu. Baada ya swala ya adhuhuri nitasimama kwenye meza ile ile.

Usimwambie mama.

Mdogo wako,
Siraji

Arua Hill, 25 Februari 2024

Siraji,

Mama amefika, anakohoa, anakuulizia kila anapoamka. Simu yako haiiti. Madina amekataa kurudi Koboko. Andika hata neno moja, au mtu akuandikie.

Dada yako

Koboko, 17 Machi 2024

Dada,

Nipo. Naandika nikiwa kwenye kitanda cha hospitali. Taya limevunjika mahali pawili, wamelifunga kwa waya, nanyonya uji kwa mrija. Jicho la kushoto bado halijafunguka.

Nilisimama nikasema yote: kwamba mkaguzi hakumshtaki Adriko, kwamba kosa ni langu, kwamba Santo hana hatia. Nilidhani watalia. Latifu alisogea karibu, akasema taratibu, "Sasa unaniambia mimi nimeua mutu bure?" Nikamjibu, "Ndiyo." Akanipiga mdomoni kwa mpini wa koleo. Nilipoanguka aliendelea, na wale wengine wakaja. Hawakutaka kusikia, dada. Walipiga mdomo tu, mdomo tu. Waliokuwa wanauzunguka msikiti waliacha lindo wakaja kunipiga mimi, na askari wakapata nafasi ya kumtoa Santo kwa mlango wa nyuma. Yuko hai.

Latifu na wenzake sita wamekamatwa. Wananiambia Latifu analia mpaka selo nzima hailali.

Nenda Ajia kwa Candiru. Mimi siwezi kusema, na hata ningeweza, sijui ningesema nini.

Siraji

Arua Hill, 2 Aprili 2024

Siraji mdogo wangu,

Salaam kutoka kwa wote. Mama amepata nafuu. Sasa anajua, na amekasirika kwamba tulimficha.

Nimetoka Ajia. Nilimkuta Candiru anapalilia muhogo. Nilimwambia mimi ni dada yako, na kwamba maneno uliyosema nilikufundisha mimi. Alinipiga kwa mpini wa jembe begani, nikaanguka kwenye matuta, akanipiga tena. Sikuinua mkono. Ndugu zake walikuja wakamshika. Alikaa chini pale pale, akapumua, akaomba maji, na alipokunywa akanipa kilichobaki.

Nikamwambia kesi iko mwezi ujao, na kwamba hakimu atauliza kwa Kiingereza, nitamtafutia mkalimani mzuri. Akaniangalia. "Hapana," akasema. "Nyinyi na kizungu yenu mumeshamaliza. Swahili yangu iko mbaya, lakini kufa ya bwana yangu niliona na macho yangu. Nitasema mwenyewe."

Nilimwuliza kama naweza kuja kukaa mahakamani siku hiyo. Alisimama, akachukua jembe lake. "Nyumba ya kesi ni ya serikali," akasema. "Siwezi kukufukuza."

Basi nitakwenda, Siraji. Kama daktari atakuruhusu, twende wote.

Dada yako,
Zulaika