Chapa ya Ng'ombe Kwenye CD ya Harusi

Rwamgasa, Geita
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Baba Shija, Samuye.

Shikamoo kaka. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama Shija, je, amejifungua salama? Mvua mmepata, au mawingu yanawapitia juu kama wageni wanaokataa kuingia ndani? Huku tunapumua. Kabula ameota lile jino la mbele, sasa anacheka bila kufunika mdomo. Mimi mwili hauna shida. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya niombe karatasi kwa mwinjilisti nikuandikie hapa hapa kanisani, kwenye benchi la nyuma.

Najua unaona nakujibu kwa mkato kila ukipiga simu, labda ukadhani nimenuna. Simu ile ni ya shemeji, kaka yake Masanja. Nikiongea nayo, yeye anakaa kwenye kigoda pale mlangoni akichokonoa meno mpaka nimalize. Chumba chake na changu vimetenganishwa na bati moja. Akipiga chafya, Kabula anamjibu "afya baba mkubwa" akiwa kitandani. Sasa hapo ningekuambia nini zaidi ya kwamba hatujambo?

Mume wangu Masanja ni mwaka wa pili huu tangu aondoke kufuata rashi, yaani kule wachimbaji wanakokimbilia wakisikia dhahabu mpya imeonekana. Alisema ni wiki mbili tu. Sasa nasikia ana mke huko, na huyo mwanamke simlaumu, maana si yeye aliyenioa. Aliniacha chini ya ulinzi wa kaka yake, na kaka yake amelishika hilo neno ulinzi kama askari wa benki. Alfajiri naruhusiwa kutoka kwenda kuwauzia chai na vitumbua wanaochimba, ila Kabula anabaki kwake. Kabula anasoma zamu ya mchana, na hatoki kwenda shule mpaka mimi niwe nimesharudi. Hata leo nimekuja kusali peke yangu. Tangu baba yake aondoke, mimi na mwanangu hatujawahi kuvuka geti lile pamoja. Shemeji hajanipiga hata siku moja, na hana haja ya kunipiga. Anajua siwezi kukimbia nikamwacha mtoto.

Ndiyo maana nilikuomba, siku ile nilipoazima simu ya mwanamke mwenzangu kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, uje unichukue kwa heshima, uzungumze na watu hawa kama ukoo unavyozungumza na ukoo. Ulinijibu maneno ambayo bado ninayo. Ulisema: "Baba alimkabidhi baba mdogo kazi ya kukufuata, na baba mdogo tumemzika. Mimi nitakuja huko kama nani?" Baadaye ukanitumia salamu kwamba umelipeleka suala kwenye kikao, na wazee wamekubaliana na wewe kwamba neno la marehemu halipindishwi.

Neno lenyewe nalikumbuka vizuri. Siku ya harusi baba alisimama akasema: "Ng'wanone, mwanangu, leo nakukabidhi kwa watu. Siku ukiona pamekushinda, usiombe njia. Nyumbani ni kwako, na huyu hapa atakuja kukuchukua." Lakini mimi nilikuwa nimeinamishwa kichwa chini ya kitenge, nalia kama walivyonifundisha. Nilisikia "huyu hapa" nisione ni nani. Uliposema ni baba mdogo, nikaamini, kwa sababu ndiye mdogo wa baba na ndiye aliyekuwa na sauti. Nikakaa na hilo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba na funguo zimezikwa.

Halafu nikaikumbuka CD ya harusi. Nikamwomba shangazi aitafute. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, shangazi anasema, mliitundika kwenye majaruba ya mpunga kutisha ndege, na inafanya kazi nzuri kuliko ilivyofanya kwenye deki. Ya pili ilisalia sandukuni kwa sababu ina chapa ya baba. Unakumbuka alivyokuwa mkali na watu walioazima CD wasirudishe. Alichukua msumari akaichora chapa yetu ya ng'ombe, duara na mkia wake, pale juu kwenye upande wenye picha ya bibi harusi. Upande unaong'aa hakuugusa, aliuheshimu sana, akasema huko ndiko mambo yaliko. Shangazi akaifunga ndani ya mchele wa yule mama wa Tinde anayekuja kuuza huku, ikanifikia salama.

Kuipata ni jambo moja, kuiona ni jambo jingine. Kijana anayeuza nyimbo aliiingiza kwenye kompyuta yake, ikanguruma, akasema hii haina kitu, ni tupu. Nilitembea kurudi nyumbani na birika la chai. Lakini karibu na maduara kuna fundi mmoja wa deki, mzee wa majivuno, ameandika mlangoni "Daktari". Kesho yake nilimpelekea na vitumbua viwili vya kumlainisha. Aliigeuza mara moja tu, akamcheka kijana aliyesema ni tupu. Akasema hii ni VCD, ya zamani kabla ya DVD, na picha zake zimejificha kwenye folda yenye jina ambalo kompyuta za siku hizi hazina habari nalo. Akasema VCD inabeba kama saa moja na kidogo tu, ndiyo maana harusi za zamani zilikatwa vipande. Na picha zake ni ndogo, ukizikuza kwenye televisheni kubwa sura za watu zinakuwa vigae. Akasema yote hayo huku anakula kitumbua changu, nami nikamwacha aseme.

Kisha akaona chapa. Akaacha kutafuna. Akaniuliza nani amefanya hivi, nikamwambia ni baba yangu, marehemu. Akasema pole, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuza kitu.

Alinitoa nje akaiinua CD kwenye jua. Kaka, mwanga ulipita. Niliona duara la ng'ombe wetu limechorwa kwa mwanga kwenye kiganja changu. Akanieleza kwamba watu wote tunakosea. Upande unaong'aa tunaufuta kwa kanga na kuupaka dawa ya meno, kumbe ule ni plastiki nene tu, ukikwaruzika kidogo deki bado inasoma. Mambo yenyewe yako juu, chini kidogo tu ya ile karatasi ya picha, kwenye utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Msumari wa baba ulibandua huo utando. Palipopita mwanga hapana kitu tena, wala hakuna fundi wa kukirudisha. Na kwa kuwa CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, chapa ilikuwa imeangukia mwishoni mwa harusi. Mwishoni ndiko kwenye hotuba ya baba.

Nikacheka, kaka, usishangae. Baba alilinda CD yake isiibiwe mpaka akalichinja neno lake mwenyewe. Kisha nikalia, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Akasema tuitazame hivyo hivyo, kwa sababu VCD ikifika penye jeraha haifi palepale, inakwama na kurukaruka. Akawasha deki yake ya zamani. Ikaanza kucheza. Nikaona uwanja wetu, nikaona turubai, nikaona kitenge changu na mabega yangu yanatikisika. Nikamwona shangazi anapita na sufuria. Nikamwona baba anasimama, kofia mkononi, sura yake vigae vigae lakini kusimama ni kule kule kwake, mguu mmoja mbele. Sauti ikatoka safi: "Ng'wanone, mwanangu, leo nakukabidhi kwa watu. Siku ukiona pa..." Hapo picha ikaganda. Deki ikalia krr, krr. Ikaruka, ikaonyesha watu wanapakia magodoro kwenye gari, harusi imekwisha.

Fundi alinuia kuizima. Nikamwambia airudishe pale pale ilipoganda. Akairudisha. Ikaganda vilevile, na safari hii sikusikiliza, nilitazama.

Baba mdogo yuko nyuma kabisa. Amekaa, mgongo ameugeuzia kamera, anapambana na paja la kuku. Pembeni ya baba kuna kijana wa shati jeupe amemshikia kipaza sauti. Mkono wa baba umetoka kwenye kofia, umepanda, umetua kwenye bega la yule kijana. Hapo ndipo dunia inasimama. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo, mpaka vigae vikawa rangi tu, kisha nikarudi nyuma tena, na bado alikuwa wewe.

Kaka, ulikuwa umekishika kipaza sauti. Hakuna aliyelisikia lile neno kwa karibu kuliko wewe, na mkono wake ulikuwa juu yako wakati anasema "huyu hapa". Mimi nilikuwa na maneno, nimekosa picha. CD ina picha, imekosa maneno. Wewe pekee ndiye uliyekuwa na vyote viwili, miaka yote hii.

Sisemi ulidanganya. Najua ng'ombe wa mahari yangu ndio uliowatoa kwa kina Mama Shija, na unaogopa kuulizwa habari zao nikirudi. Woga huo nauelewa, nami nina wangu. Lakini Kabula anakua. Juzi aliniuliza kama watoto wengine nao wanatembea na mama zao kwa zamu.

Nakutumia CD hii kwa yule yule mama wa mchele. Ipeleke kwenye kikao, wazee waitazame hadi inapoganda, na wasiharakishe kuizima. Ishikwe ukingoni, na upande wa juu usiguswe na kitu chochote. Tafadhali isiende kutisha ndege.

Nisalimie shangazi, umwambie wabeja sana kwa kuificha. Msalimie Mama Shija na kichanga ambacho sijakiona. Wasalimie wajomba, na bibi wa nyumba ya pili ambaye alinifunga kile kitenge. Kaburi la baba lipalilie kwa niaba yangu, na usimwambie habari za msumari.

Uliniuliza utakuja huku kama nani. Njoo kama yule mwenye shati jeupe. Mimi na Kabula tutakuwa ndani ya geti, wote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kabula