Maji ya Bibi

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Ni matumaini yangu u mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wako umeacha ukorofi. Huku miili ni mizima, lakini mimi bado nimeduwaa, na sina mwingine wa kumweleza.

Juma lililopita alizaliwa mtoto njiti wodini kwetu. Mchungaji alikuwa safarini, na pumzi za mtoto zilikuwa zinakatika. Mama yake, yule fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya, alinishika mkono akaniomba nimbatize. Nilichota maji kwa kikombe cha dawa, nikambatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alifariki kabla sijakausha mikono.

Baraza la wazee wa kanisa likakataa kumzika kwa ibada, na mwenyekiti wake, kama unavyojua, ni baba yetu. Alisema mkono wa mwanamke haubatizi, hivyo mtoto yule si wa kanisa. Aliyasema hayo nyumbani, nikiwa namimina chai yake na ya mzee mwenzake wa baraza. Akaongeza kwamba nisipoomba radhi mbele ya waumini, nitatengwa.

Shangazi alikuwa akifagia ukumbini. Aliegemeza ufagio ukutani, akamuuliza kaka yake kama anajua yeye mwenyewe alibatizwa na nani. Baba akamtaja mchungaji wa zamani. Shangazi akasema hapana, alizaliwa hoi, mchungaji huyo akiwa mbali, na bibi, mama yao, ndiye aliyembatiza kwa maji ya mtungi. Mchungaji huyo aliporudi alisema ubatizo ni mmoja, maji yale yanatosha. Yule mzee wa baraza, aliyekulia kijiji kimoja na baba, akakiri kwamba hata yeye alisikia hivyo kwa wazazi wake.

Nilidhani yameisha. Kumbe wapi! Mtoto alizikwa bila ibada, na Jumapili, mchungaji wetu akiwa amerudi, baba alipanga foleni na akina mama waliobeba vichanga, na mvi zake na suti yake nyeusi, akaomba abatizwe. Aliona heri awe ameishi bila ubatizo mpaka uzeeni kuliko kukubali kwamba mkono wa mama yake ulitosha. Tulipigwa na butwaa kanisa zima. Mpiga kinanda alichanganyikiwa akaanza wimbo wa harusi.

Mama, ambaye hajawahi kumpinga baba hata kwa chumvi ya mboga, alisimama kabla maji hayajamwagwa, akatoka. Alimpitia fundi cherehani, wakaenda kaburini, na akamfanyia mtoto ibada yote kwa kichwa. Nililia sana, Dada.

Sasa nikwambie asilolijua hata mama. Jumapili ijayo ndiyo siku niliyopangiwa na baraza kuomba radhi. Lakini jana alizaliwa njiti mwingine, naye nimembatiza. Huyu anapumua vizuri. Aliyenishikia kikombe ni bibi yake, mke wa mchungaji. Alifunga mlango mwenyewe, akanisihi niharakishe.

Nisalimie shemeji, wabusu wanao. Tafadhali usimpigie baba simu kabla ya Jumapili.

Ni mimi mdogo wako,
Muuguzi