Bibi Skola Anaomba Njia

Jumanne, Yoba, Gitega. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Gitega isiyo na haraka, inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nimerudi kutoka mtaa wa Musinzira viatu vikiwa vimejaa matope, na koti sijavua. Naandika hivi hivi. Nikikaa kwanza nikanywa chai nitaanza kujitetea.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimejipa kazi ya kuongea na wazee. Mimi mwenyewe nimepita sabini, lakini wapo walionitangulia, na wengi wanaondoka na mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Nina utaratibu wangu. Simuulizi mzee alijisikiaje. Namuuliza nyumbani kwao walikuwa wanapika nini, walilala wapi, nani alikuwa akiamka wa kwanza. Ukianzia kwenye sufuria, huzuni ataifikia mwenyewe, kwa muda anaoutaka.

Kwa hiyo Deo aliponiomba nikaongee na mama yake, nilifurahi. Deo nilimfundisha, sasa anauza mabati na misumari. Mama yake, Bibi Skola, amevuka themanini. Maisha yake yote ameishi kwenye kilima kimoja huko Muyinga, akilima maharage na kupeleka ndizi mpakani kuwauzia Watanzania, ndiyo maana Kiswahili chake ni chepesi kuliko cha mwanawe. Kiangazi kilichopita alianguka akitoka kuteka maji, akalala pale njiani mpaka wapita njia walipomkuta. Deo akaenda kumchukua. Alimwambia ni kwa siku chache.

Siku chache zimekuwa miezi.

"Mwongeleshe maisha yake, Mwalimu," Deo aliniambia. "Akipata mtu wa kuongea naye, atasahau mambo ya kurudi."

Nami nikaenda, kila Jumanne na Ijumaa. Tumeongea mengi. Najua jina la mbuzi wake wa kwanza. Najua mume wake alikuwa anaimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Huwa ananitania kwa kuwa nilikulia Tanzania, ukimbizini, nikarudi nchini nikiwa mtu mzima na mvi. "We Mtanzania," husema, "umerudi na Kiswahili kizuri, lakini mikono yako haijui jembe."

Kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa.

La kwanza ni mfuko. Bibi Skola anakaa sebuleni na mfuko wake miguuni, umefungwa kwa kamba ya mgomba, vilevile alivyoufunga Muyinga. Anatetemeka kwa baridi, na humo ndani mna sweta yake. Furaha, mke wa Deo, ni Mkongomani wa Uvira na ana moyo mwema, lakini ameshindwa. "Mwalimu, ile sac hataki mutu aguse," aliniambia. "Namupa kitenge yangu ajifunike. Sweta iko mule mule, na anaikatala. Mi nimechoka na kuuliza."

La pili ni namna anavyomaliza mazungumzo. Kila nikikaribia kuondoka, Bibi Skola anaweka kitambaa chake sawa, anamgeukia Deo, na kumshukuru kwa kila kitu: maharage, chai, kitanda, taa ya umeme. Anavitaja kimoja kimoja. Kisha anasema, "Sasa nipeni njia."

Deo hucheka. "Mama, utaombaje njia? Hapa ni kwako!"

Nami nilikuwa nacheka naye. Tena nilifanya kibaya zaidi: nilimweleza Deo, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba uzee huchanganya mahali na mahali, kwamba mama anadhani yuko ugenini, na kwamba asimbishie. Deo alinishukuru sana kwa maelezo hayo.

Leo nilimuuliza Bibi Skola kuhusu wageni. Nyumbani kwake Muyinga walikuwa wanapokelewaje? Nilitarajia habari za viti na vyungu. Akaniambia habari za kuondoka.

Wasomaji wangu Warundi mtanisamehe, nitaeleza kwa ajili ya wengine. Mgeni hanyanyuki tu akaenda. Anaomba njia, na mwenye nyumba ndiye anayeitoa. Akikubali, anammiminia kinywaji cha mwisho, agashinguracumu, yaani kile cha kung'oa mkuki, kwa kuwa zamani mgeni aliuchomeka mkuki wake nje na kuung'oa wakati wa kutoka. Hata leo, kwa glasi ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, desturi ni ile ile. Usipomiminiwa, bado hujaruhusiwa.

"Mama mkwe wangu alikaa kwangu msimu mzima wa mvua," alisema. "Nilimpenda. Kila akiomba njia, namwambia kesho. Siku moja akaacha kuomba. Akaacha na kuongea. Mume wangu ndiye aliyeniambia, we Skola, umemfunga mama. Nilimmiminia siku ile ile."

Nikamuuliza, polepole, kama anajua hapa tulipo ni wapi.

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikwaa kwenye sakafu tupu.

"Ni Musinzira, Gitega, kwa mwanangu Deo. Unadhani sijui? Mtu aliye kwake haombi njia, Mwalimu. Mimi naomba, na mzigo wangu nimeufunga. Nikipiga kelele mtasema akili imeruka. Nikiomba kwa adabu mnacheka. Niombe vipi?"

Mvua iligonga mabati.

Nilichokielewa pale kimenikaa kifuani mpaka sasa. Nilikuwa nikija na maswali yangu mazuri, yeye anafunguka, anacheka, siku inapita, na Deo anaona mama ametulia. Kila ziara yangu ilipokwenda vizuri, sababu ya kumrudisha ilipungua. Mlango wa nyumba ile hauna kufuli. Mimi nilitosha.

Deo aliporudi kutoka dukani nilimwambia kila kitu, palepale sebuleni, mama yake akisikia. Alivua kofia iliyolowa na kukaa.

"Mwalimu, we unajua mi sina roho mbaya," alisema. "Akianguka tena? Nani atamsikia kule? Nilimkuta kitandani, anaangaliwa na watoto wa jirani, mguu umevimba. Unataka nimrudishe kwenye njia ile ile?"

Ana haki. Nikisukuma arudi, naye akaanguka, nitakuwa nimemwangusha mimi. Nikinyamaza, nitarudi Ijumaa na maswali yangu na kuendelea kumlinda asitoke. Niliona pande zote mbili na sikuona pa kupitia.

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwoga hufanya. Nilisema giza linaingia, naomba njia.

Deo aliinuka bila kufikiri. Mikono yake ilifanya kazi peke yake: glasi kutoka kabatini, kidumu cha urwarwa kutoka nyuma ya mlango, akanimiminia mpaka juu, akanipa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Na aliyemfundisha alikuwa ameketi mbele yake.

"Huyu umempa haraka," alisema Bibi Skola.

Hakusema kwa hasira. Furaha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Yeye hanywi pombe na mila hii si ya kwao, lakini alielewa kabla ya mumewe. "Papa Deo," alisema, "na mama je?"

Deo alibaki na kidumu mkononi. Nilidhani atakirudisha nyuma ya mlango. Alimtazama mama yake, akatazama mfuko, akatazama ile kamba ya mgomba ambayo imekauka mpaka inakatika nyuzi. Kisha akachukua glasi nyingine. Alimimina vibaya, pombe nyingine ikamwagika mezani, na alipompa alipiga goti kidogo, mtu mzima mwenye duka.

"Magari ya Muyinga hayana mafuta, Mama," alisema. "Watu wanalala stesheni za mafuta. Na lazima nimtafute mtu wa kulala nawe kule. Sijui ni lini. Labda mwezi."

"Nitangoja," alisema, akanywa.

Kisha akaweka glasi chini, akainama, akaanza kufungua kamba. Furaha alisogea kumsaidia, na safari hii hakukatazwa. Ilitoka sweta ya kahawia, viwiko vimeshonwa kwa uzi wa kijani. Bibi Skola aliivaa, akajikumbatia, akamwambia Furaha, "Baridi yenu hii! Ingeniua nikiwangojea ninyi."

Furaha alicheka mpaka akalia.

Nimerudi kwa miguu, mvua ikiwa juu yangu. Ningependa kuandika kwamba nina furaha. Yule bibi bado yuko kwenye kiti kile kile. Mafuta hayapo, na mtu wa kulala naye bado hajapatikana. Deo anaweza kubadili mawazo asubuhi.

Na mezani kwangu kuna simu yenye ujumbe wa binti yangu wa Bujumbura. Ni wa wiki iliyopita: "Papa, chumba iko tayari. Njoo hata kwa siku chache." Nimeusoma mara nyingi na kila mara nimejifanya nina kazi nyingi na wazee wangu. Ananipenda. Ndicho kinachonitisha.

Nitamjibu kabla ya kuvua viatu. Nitamwandikia kwamba nitakuja, na kwamba nina ombi moja: anunue urwarwa, aiweke nyuma ya mlango, na siku nitakayoweka koti langu sawa na kuanza kumshukuru kwa chai na kitanda, asicheke.

Je, nitaukumbuka utaratibu huo mimi mwenyewe, siku ikifika?