Duara la Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi na bahati tumenyonya ziwa moja! Mamlaka ya maji inapitia upya malengo na sera zake za miaka thelathini — mji utakunywa nini, kutoka wapi — na kamati imetaka mwakilishi mmoja wa wateja. Majina yakatiwa kwenye ndoo, likatoka langu. Dereva wa boza, lori la kuuzia maji! Mama kacheka pale pale kitandani, na moyo wake ule uliochoka. Kasema watakoma na domo langu.

Koti la harusi limekataa kufunga. Nitalivaa wazi, kama waziri.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza. Biskuti, na kiyoyozi cha kugandisha samaki. Kila mtu na chupa ya maji ya dukani mbele yake. Nikauliza: waheshimiwa, mbona ya kwetu hatuyanywi? Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Mhandisi, mama mmoja mkavu, hakucheka. Kasema swali zuri. Visima vya bondeni, tegemeo la nusu ya mji, vinaingiliwa na uchafu wa juu. Anataka sera: kuzunguka kila kisima kuwe na eneo la ulinzi, na humo kisiongezwe choo cha shimo, gereji, wala chochote cha kufukiwa ardhini.

Nilisimama kuunga mkono hata hajamaliza. Nikawaambia nimeendesha malori nchi za watu, nimekunywa maji ya kila rangi. Na kwamba mdogo wangu wa kike alikufa kwa kuharisha, kwa maji ya bondeni, hata shule hajaanza. Hilo sikupanga kulisema. Mikono yote juu!

Nimemsimulia Mama hotuba nzima, isipokuwa hapo.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wameleta ramani. Kila kisima nukta, kila nukta na duara lake la buluu. Nimetafuta nyumbani kwetu — tuko nje. Nikachekelea.

Kisha nikaona makaburi ya mlimani. Ndani ya duara.

Mhandisi kasema waliomo hawataguswa. Ila bodi ikishasaini, haongezwi mtu. Nikasema, basi mmoja tu jamani. Wakaangua kicheko, na lile jina walilonibandika kwa ajili ya boza: "Tangi bwana, huishi vituko!" Walidhani natania. Watadhani nini kingine?

Ubavuni mwa mdogo wangu pana nafasi ya Mama. Alikuwa akiipalilia mwenyewe mpaka miguu ilipomgomea.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshindwa kumwambia. Nimemkata kucha. Nimempigia soga za biskuti.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfuata Mhandisi ofisini. Nikamwaga yote. Kanivutia kiti, kasema pole, kaka yangu. Kisha kasema akinifungulia mimi mlango leo, kesho mwenye gereji yuko hapo hapo. Akauliza mdogo wangu alikunywa kisima kipi. Nikamwonyesha kwenye ramani.

Duara ni lile lile.

Angekuwa na roho mbaya ningemchukia, nikalala. Lakini ana haki mwanamke yule! Bodi inasaini kesho kutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Wamesaini.

Muuguzi kaja asubuhi. Kasema niwaite ndugu, wasichelewe.

Nimemwambia Mama. Bila mzaha hata mmoja — sikujua naweza. Akageukia ukuta.

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

Ndiyo, Mama.

"Kwa ajili yake?"

Ndiyo.

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe, akanywa kidogo, mengine yakamwagikia kifuani. Nikamfuta. Akanishika kidole, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Usijitese, baba. Hukuyataka haya. Jina lako tu ndilo lilitoka kwenye ndoo."

Nikatoka. Niko jikoni, naandikia juu ya jiko lililozimwa. Ananiita tena — anataka nimgeuze ubavu. Naja, Mama, naja.

Hakukuwa na ndoo. Hakuna jina lililotoka. Kile kiti nilikiomba mwenyewe, nikabembeleza, mpaka wakanipa.