Mfupa Mbichi

Shangazi mpendwa,

Mtoto wa mbwa uliyetutumia amefika salama, ila anaota meno. Kandambili zote kazitafuna. Juzi nilitaka kumpa mifupa ya mchuzi, baba akafoka kutoka chumbani: "Usimpe! Mfupa uliopikwa huvunjika ukamchoma koo. Mpe mbichi, wenye nyama, na usimwache peke yake."

Shangazi, tangu tumzike mama, baba hakuwa amesema zaidi ya "ndiyo" na "hapana." Kesho yake akavaa viatu, akaenda buchani mwenyewe. Sasa kila asubuhi huketi uani kumwangalia mbwa akiguguna, huku akimgombeza: "Taratibu, mlafi wewe!"

Ahsante sana, Shangazi. Jana baba aliniuliza kama mimi nimekula.

Ni mimi, binti wa kaka yako.