Akaunti Niliyokataza Isifunguliwe

Mpendwa mdogo wangu,

“Mashine yenyewe imeandika kwamba amri haipo. Sasa tubishane na mashine?” Mwenyekiti wa bodi ya shule alisema hivyo mbele ya walimu, nao wakacheka. Nambishia. Mashine iliandika command not found, yaani imetafuta, haikuona. Mtu akikuulizia Musoma nzima wakati wewe uko Kiabakari, hawezi kurudi nyumbani akatangaza msiba.

Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, hapo shuleni Butiama. Nilikuwa nimeandika sikiliza, ile amri uliyoitunga ya kufungulia sauti za wazee ulizozirekodi, mara saba, jasho linanitoka, nimeanza kuitukana kompyuta. Ukavuta kiti.

“Kaka, unagombanaga na kila mtu, sasa umefika kwa mashine. Kwanza iulize imetafuta wapi.”

Ukaandika echo $PATH. Ikatoka orodha ya mafolda ambamo mashine hutafuta amri. Folda yako, /opt/sauti, haikuwemo. Ukaongeza mstari mmoja wa kuitaja folda hiyo kwenye faili la akaunti yako, ukaifungua upya, ukaandika tena sikiliza. Mama yetu, tuliyekuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma, akaanza kueleza kwa Kizanaki namna ya kuchagua mbegu ya mtama. Ulicheka. Mimi nilitoka nje.

Tulipokuzika, mwalimu wa kompyuta aliniuliza, “Mzee, tuendelee kuingia kwa jina lake?” Nikamjibu kwa ukali ule unaoujua: jina la marehemu si la kuitwa kila asubuhi na wanafunzi. Fungueni akaunti mpya. Wakanitii, kwa heshima yako. Na akaunti mpya haikuwa na ule mstari wako.

Mashine zilikuwa tatu, kila moja na sauti zake. Waliandika sikiliza, haikuonekana, wakasema kazi yako imekufa nawe. Bodi ikaita fundi azifute mashine zote; mbili zimeshafutwa. Mama alikuwa kwenye ya pili. Nakala ulisema utaziweka ukipona.

Jana nilikaa kwenye ya tatu. Nikaandika njia nzima, /opt/sauti/sikiliza. Bibi mmoja wa Bunda akakohoa, akaanza kusimulia walivyokuwa wakivuna pamba. Nilimsikiliza mama wa wenzetu mpaka mwisho. Wa kwetu hayupo tena, na aliyemfuta si fundi. Ni mimi na mdomo wangu.

Nimeshinda mabishano mengi, mdogo wangu. Hili nalo nimelishinda, na halinifai kitu. Pumzika, niache niseme na hawa.

Ninyi wajumbe wa bodi, barua hii nimeiacha wazi ili muisome. Ijumaa fundi anakuja kufuta mashine ya tatu. Mzuieni mlangoni. Kisha ingieni kwa jina la mdogo wangu. Mimi niliyekataza, nimeruhusu.

Kaka yako